Kiassam Katika Chuo Kikuu: Jinsi Lugha Iliyonyimwa Shule Ilivyopata Kuwa Somo la Elimu ya Juu

1. Utangulizi

Mwaka 1836 utawala wa Kiingereza katika bonde la mto Brahmaputra, kaskazini-mashariki ya India, uliweka Kibengali kuwa lugha ya mahakama na ya shule. Wenyeji wa bonde hilo walikuwa na lugha yao, Kiassam, ambayo ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa muda wa karne kadhaa. Walakini ilichukuliwa kuwa ni lahaja tu ya Kibengali, tena lahaja iliyopotoka kwa kuwa mbali na miji mikubwa. Hali hiyo ilidumu miaka 37. Leo lugha hiyohiyo husomwa hadi shahada ya uzamivu katika vyuo vikuu kadhaa vya India, na tarehe 3 Oktoba 2024 serikali kuu ya nchi hiyo iliridhia kuiingiza katika orodha ya lugha zake zenye fasihi kongwe, pamoja na Kibengali chenyewe.

Makala haya yana shabaha ya kueleza namna Kiassam, fasihi yake na utamaduni wake vilivyopata kuwa somo la chuo kikuu, na mambo ambayo mwanafunzi wa somo hilo hujifunza. Suala lenyewe si la Waassam peke yao. Mara nyingi hudhaniwa kwamba lugha huingia chuo kikuu kwa sababu ina wasemaji wengi au vitabu vingi. Historia ya Kiassam yaonyesha kwamba hayo hayatoshi: lazima pawepo watu wa kuithibitisha, kuikusanya na kuihakiki, na kazi hiyo huanza nje ya chuo kabla ya kuingia ndani. Yaonyesha pia kwamba lugha iliyopata ushindi wa namna hiyo huweza, kwa upande wake, kuzibana lugha nyingine zilizo dhaifu kuliko yenyewe. Pande zote mbili zitaangaliwa.

2. Lugha na mazingira yake

Kiassam ni lugha ya tawi la Kihindi-Kiarya, katika jamii kubwa ya lugha za Kihindi-Kiulaya. Kwa sensa ya mwaka 2011 kilikuwa na wasemaji wa kwanza wapatao milioni 15, nao walikuwa karibu nusu ya wakazi milioni 31 wa jimbo la Assam. Pamoja na Kibengali na Kiodia, chimbuko lake ni lugha za Kiprakriti za mashariki, zilizosemwa katika nchi ya kale ya Magadha. Lakini bonde la Brahmaputra limezungukwa na kukaliwa na watu wa lugha za asili mbalimbali: Kibodo, Kikarbi na Kimising za jamii ya Kitibeti-Kiburma, Kikhasi cha jamii ya Kiaustro-Asia, na lugha za Kitai zilizofika kutoka upande wa Burma. Majirani hao wameacha alama. Majina mengi ya mito, kama Dikhow, Dihing na Disang, huanza na di, neno lenye maana ya maji katika lugha za kundi la Kibodo.

Mwanafunzi wa isimu hupata humo mambo ya kumvutia. Kwanza, lugha nyingi za India hutofautisha konsonanti zinazotamkwa kwenye meno na zile zinazotamkwa kwa kukunja ulimi. Kiassam kimeacha tofauti hiyo na kuzitamka zote kwenye ufizi. Pili, kina kikwamizo cha kaakaa laini, mfano wa kh ya Kiarabu katika neno sheikh, ambacho si sauti ya kawaida katika lugha jirani za asili moja nacho. Herufi tatu zilizorithiwa kutoka Kisanskriti kwa ajili ya sauti za namna ya s, kwa kawaida husomwa kh hiyo. Na herufi za ch husomwa s. Ndiyo maana mtu aliyezoea kusoma Kibengali huweza kuutambua ukurasa wa Kiassam kwa macho, kwani hati ni karibu moja, lakini asiweze kuusoma kwa sauti.

Tatu, ukanushi. Kibengali huweka neno la kukanusha baada ya kitenzi. Kiassam huweka kiambishi mwanzoni, na irabu ya kiambishi hicho huifuata irabu ya mzizi. Mzizi kor (fanya) hukanushwa nokor, mzizi ja (enda) hukanushwa naja, na mzizi likh (andika) hukanushwa nilikh. Msemaji wa Kiswahili, aliyezoea kukanusha mwanzoni mwa kitenzi, haoni ajabu hapo. Lakini miongoni mwa lugha ndugu za Kiassam tofauti hiyo ni ushahidi mzito.

Nne, viainishi. Jina au tarakimu hupata kiishio kinachoonyesha aina ya kitu kinachotajwa. Kiishio -khon hufuata majina ya vitu bapa au vilivyotandaa, kama kitabu, mashua, mto na hata kijiji. -Dal hufuata vitu virefu vyembamba kama fimbo. -Zon hufuata mtu anayestahiwa. Na -tu hufuata vitu vingi vya kawaida, pia mtu asiyepewa heshima. Hivyo manuhzon na manuhtu zote mbili ni "yule mtu", lakini ya kwanza humheshimu na ya pili humshusha. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka ngeli. Hata hivyo mifumo hii miwili si kitu kimoja. Ngeli ya Kiswahili imefungamana na jina, nayo hutawala upatanisho wa sentensi nzima. Kiainishi cha Kiassam hakitawali kitenzi, na msemaji anaweza kukichagua kwa kadiri anavyomwona mtu au kitu.

Tano, majina ya ukoo. "Mama yangu" ni ma, "mama yako" ni mara, "mama yake" ni mak: jina lenyewe hubadilika kwa kumfuata mwenye mama. Umbo hilo lakaribiana na mamangu, mamako na mamake za Kiswahili, ingawa lugha hizi hazina asili moja. Penye undugu wa kweli wa maneno ni katika mkopo wa Kiarabu: kitap, kolom na khobor za Kiassam, zilizopitia Kiajemi, ni kitabu, kalamu na habari za Kiswahili.

3. Miaka 37 ya kunyimwa shule

Tangu mwaka 1228 sehemu ya mashariki ya bonde ilitawaliwa na Waahom, watu wa asili ya Kitai waliovuka milima ya Patkai wakiongozwa na Sukaphaa. Ufalme wao, ulioenea baadaye kuelekea magharibi, ulidumu karibu miaka 600. Baada ya mashambulio ya Waburma, nchi iliingia mikononi mwa Waingereza kwa Mkataba wa Yandabo wa Februari 1826. Watawala wapya walihitaji makarani, na makarani waliokuwa tayari walitoka Bengali. Wanahistoria wamebishana juu ya aliye na lawama zaidi kwa uamuzi wa mwaka 1836. Kwa muda mrefu walilaumiwa makarani wenyewe. Watafiti wengine wameonyesha kwamba maafisa wa Kiingereza walitafuta wepesi wa kazi, yaani lugha moja kwa jimbo zima. Vyovyote iwavyo, mtoto wa Assam aliyetaka kusoma ilimpasa asome kwa lugha ya jirani.

Mwaka huohuo wa 1836 wamisionari Wabaptisti wa Marekani, Nathan Brown na Oliver Cutter, walifika Sadiya na mtambo wa kupiga chapa. Nia yao ilikuwa kuhubiri, na waliona upesi kwamba watu wa kawaida hawakukielewa Kibengali. Brown alitoa sarufi ya Kiassam mwaka 1848. Januari 1846 lilitokea Sibsagar gazeti la Orunodoi, la kwanza katika lugha hiyo, lililochanganya dini, habari za dunia na elimu ya maumbile. Mwaka 1867 Miles Bronson alichapisha kamusi ya Kiassam na Kiingereza yenye maneno yapatayo 14,000.

Lakini hoja yenye nguvu kuliko zote ilitoka kwa mwenyeji. Anandaram Dhekial Phukan, aliyezaliwa mwaka 1829 na kuwa afisa katika utawala wa Kiingereza, alitoa mwaka 1855 kijitabu juu ya lugha ya Kiassam. Alikiandika kwa Kiingereza ili watawala wakisome, na hakutia jina lake. Alijiita mwenyeji tu. Alilinganisha sarufi na maneno ya lugha mbili hizo, akaorodhesha maandishi ya Kiassam ili kujibu dai kwamba lugha haina fasihi, akaonyesha hasara ya kumfundisha mtoto kwa lugha asiyoijua. Alifariki mwaka 1859 akiwa na umri wa miaka 29, bila kuona matokeo ya kazi yake. Mwaka 1873 Luteni Gavana wa Bengali, George Campbell, alikirejesha Kiassam katika shule na mahakama za bonde.

Inafaa kuzingatia namna hoja hiyo ilivyojengwa. Dhekial Phukan hakuomba huruma. Alileta viambishi, maneno na majina ya vitabu. Isimu linganishi na orodha ya miswada, ambazo leo ni masomo ya darasani, zilikuwa wakati ule vifaa vya kudai haki ya shule. Ndiyo sababu hadi leo wanafunzi wa idara za Kiassam husoma tofauti za Kiassam na Kibengali kwa makini ambayo mgeni huenda akaiona imezidi kiasi.

4. Kutoka magazetini hadi chuo kikuu

Kurejeshwa shuleni hakukuwa na maana ya kuingia chuo kikuu. Bonde lenyewe halikuwa na chuo. Vijana walikwenda Calcutta, mji mkuu wa Kibengali. Huko ndiko walikojipanga. Mwaka 1888 wanafunzi Waassam waliunda chama cha kuiendeleza lugha yao, na mwaka 1889 wakaanzisha jarida la Jonaki. Chandrakumar Agarwala, Lakshminath Bezbaroa na Hemchandra Goswami walitunga humo mashairi, hadithi na makala za kihakiki, wakaanzisha kipindi kipya cha fasihi. Kwa hiyo fasihi ya kisasa ya Kiassam, kwa sehemu kubwa, ilizaliwa katika mabweni ya mji wa ugenini.

Kamusi kuu, Hemkosh ya Hemchandra Barua, ilichapishwa mwaka 1900 baada ya mwandishi wake kufariki. Ilikuwa na maneno zaidi ya 22,000, nayo ilithibitisha tahajia iliyofuata asili ya Kisanskriti badala ya tahajia ya wamisionari, walioandika kama walivyosikia. Chuo cha Cotton kilifunguliwa Guwahati mwaka 1901, na chama cha fasihi cha Assam, Asam Sahitya Sabha, kiliundwa mwaka 1917.

Mlango wa elimu ya juu ulifunguliwa na Chuo Kikuu cha Calcutta, pale Asutosh Mookerjee alipoanzisha masomo ya uzamili ya lugha za kisasa za India mwaka 1919. Palipotakiwa kufundisha Kiassam ilionekana kwamba hakuna kitabu cha kutosha cha matini. Hemchandra Goswami, yuleyule wa Jonaki, alikusanya mkusanyo mkubwa wa matini tangu za kale hadi za kisasa, na chuo hicho kikauchapisha katika miaka ya 1920. Katika chuo hichohicho Banikanta Kakati alipata shahada ya uzamivu mwaka 1935 kwa utafiti juu ya kuundwa na kukua kwa Kiassam. Kitabu chake kilitoka mwaka 1941. Alionyesha kwa ushahidi wa sauti na maumbo kwamba Kiassam na Kibengali ni ndugu waliotoka kwa mzazi mmoja, wala mmoja si mtoto wa mwingine. Hoja iliyoanzishwa na kijitabu cha mwaka 1855 ilipata jibu lake la kitaalamu miaka 86 baadaye, katika chuo kikuu cha Bengali.

Chuo Kikuu cha Gauhati kilianzishwa mwaka 1948, kikiwa cha kwanza katika eneo zima la kaskazini-mashariki ya India, na Kakati akawa miongoni mwa waalimu wake hadi alipofariki mwaka 1952. Chuo Kikuu cha Dibrugarh kilifuata mwaka 1965. Nje ya Assam, lugha hiyo hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Delhi, ndani ya idara ya lugha za kisasa za India, ambako mwandishi Indira Goswami alikuwa mwalimu kwa miaka mingi.

5. Mambo yanayosomwa

5.1 Fasihi andishi. Masomo huanza kwa kawaida na nyimbo za kitawa za Charyapada, ambazo Haraprasad Shastri alizikuta Nepal mwaka 1907. Waassam, Wabengali na Waodia wote huzidai kuwa mwanzo wa fasihi yao; mwanafunzi hufundishwa kupima dai hilo kwa kuchunguza maumbo ya maneno. Baada yake huja Madhava Kandali, aliyeitafsiri Ramayana katika karne ya 14 kwa amri ya mfalme wa Wakachari. Tafsiri hiyo imeitangulia ile mashuhuri ya Tulsidas ya Kihindi kwa takriban karne mbili. Indira Goswami alizilinganisha kazi hizo mbili katika utafiti wake.

Kiini cha kozi ni Sankardev, anayesemekana kuishi tangu mwaka 1449 hadi 1568, pamoja na mwanafunzi wake Madhavdev. Sankardev alieneza ibada ya Mungu mmoja, Vishnu, bila sanamu nyingi na bila kafara, akaifungulia watu wa tabaka zote. Ili ujumbe uwafikie wasiojua kusoma, alitunga nyimbo za ibada na tamthilia. Tamthilia hizo ziliandikwa kwa Kibrajavali, lugha ya kifasihi iliyochanganywa, ambayo haikuwa lugha ya nyumbani ya mtu yeyote. Swali la kwa nini mtunzi aliyetaka kueleweka na wote alichagua lugha isiyokuwa ya mtu ni mojawapo ya maswali yanayojadiliwa sana darasani.

Tangu mwisho wa karne ya 19 husomwa kipindi cha Jonaki, kisha waandishi wa jarida la Ramdhenu baada ya uhuru, na riwaya za karne ya 20. Waandishi watatu wa Kiassam wamepata tuzo ya Jnanpith, iliyo kubwa katika fasihi za India: Birendra Kumar Bhattacharya kwa mwaka 1979, Indira Goswami kwa mwaka 2000, na mshairi Nilmani Phookan kwa mwaka 2020.

5.2 Buranji. Hizi ni tarikh za ufalme wa Ahom, zilizoandikwa kwanza kwa lugha ya Kiahom na baadaye kwa Kiassam. Ni nathari kavu, isiyopambwa: nani alitumwa, alisema nini, alirudi na jibu gani. Zina thamani mbili, ya kihistoria na ya kilugha, kwa sababu zinaonyesha nathari ya Kiassam ilivyokuwa kabla ya Wazungu na kabla ya gazeti. Idara ya serikali ya utafiti wa historia na mambo ya kale iliyoanzishwa Guwahati mwaka 1928 ilizikusanya kutoka nyumba za watu, na Surya Kumar Bhuyan alizihariri nyingi kati yake.

5.3 Elimu ya miswada. Kabla ya karatasi kuenea, watu waliandika juu ya magome ya mti wa sanchi, ambao ndio mti wa udi. Gome lilikatwa, likakaushwa, likasuguliwa na kutiwa dawa ya kuzuia wadudu. Wino ulitengenezwa kwa matunda ya silikha pamoja na mkojo wa ng'ombe. Mwanafunzi hujifunza kutofautisha mitindo ya mwandiko iliyoitwa Gargaya, Bamuniya na Kaitheli. Mswada mmoja maarufu ni Hastividyarnava wa mwaka 1734, juu ya ndovu na matibabu yake, ulioandikwa na Sukumar Barkaith na kuchorwa picha na mafundi wawili, Dilbar na Dosai. Miswada mingi hutunzwa katika sattra, yaani nyumba za watawa wa madhehebu ya Sankardev. Nyingi za nyumba hizo ziko katika kisiwa cha Majuli, katikati ya Brahmaputra, ambacho mto unakimega mwaka hata mwaka. Kunakili na kupiga picha miswada hiyo si zoezi la darasani tu. Ni kazi ya kushindana na maji.

5.4 Utamaduni na fasihi simulizi. Chuo Kikuu cha Gauhati kilianzisha idara ya utafiti wa mapokeo ya jadi mwaka 1955, kwa juhudi za Birinchi Kumar Barua. Husomwa ngano, ambazo Bezbaroa alitoa mkusanyo wake mashuhuri mwaka 1911, pamoja na methali, ufumaji na michezo ya ibada. Husomwa pia Bihu, sikukuu tatu zinazofuata kazi za shamba la mpunga: ya Aprili wakati wa kuanza mwaka, ya Oktoba wakati ghala ni tupu na mpunga bado shambani, na ya Januari baada ya mavuno. Nyimbo za Bihu za Aprili, zenye mapenzi ya wazi, ziliwahi kudharauliwa na wasomi. Baadaye zilipanda jukwaani mijini na kuwa alama ya taifa zima la Waassam. Ngoma ya sattra nayo ilitambuliwa rasmi mwaka 2000 kuwa miongoni mwa ngoma za kisanaa za India. Mabadiliko hayo, ya kutoka shambani au ibadani kwenda jukwaani, ni mada inayopendwa na watafiti vijana.

Kuhusu matumizi ya shahada, wahitimu wengi huwa waalimu, waandishi wa magazeti, wafasiri na watumishi wa serikali. Fasihi ya Kiassam ni mojawapo ya masomo ambayo mtahiniwa anaweza kuchagua katika mtihani wa kuingia utumishi wa juu wa serikali ya India. Haki hiyo ina uzito kuliko sifa nyingi, kwa kuwa mzazi anayemlipia mwanawe karo huuliza kwanza kazi.

6. Upande wa pili

Ingekuwa kosa kuisimulia habari hii kama ushindi mtupu. Lugha ya Kiahom, ambayo ndiyo iliyoanzisha buranji, ilikwisha kutoweka midomoni mwa watu. Wafalme wa Ahom wenyewe walihamia Kiassam, na lugha yao ikabaki kwa makuhani na katika miswada. Kwa hiyo lugha iliyokuwa karibu kumezwa mwaka 1836 ilikuwa imekwisha kumeza nyingine.

Mwaka 1960 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kukifanya Kiassam lugha rasmi. Watu wa milimani walipinga, na upinzani huo ulikuwa mojawapo ya sababu za kuundwa jimbo la Meghalaya mwaka 1972. Katika bonde la Barak, kusini, ambako wengi husema Kibengali, polisi waliwapiga risasi waandamanaji katika stesheni ya Silchar tarehe 19 Mei 1961, na watu 11 wakafa. Baadaye Kibengali kilikubaliwa kwa ajili ya eneo hilo. Mwaka 1972, Chuo Kikuu cha Gauhati kilipoamua kutumia Kiassam kama lugha ya kufundishia, mzozo na ghasia vilizuka tena. Kila upande ulikuwa na hoja ileile ya Dhekial Phukan: mtoto asisomeshwe kwa lugha ya jirani.

Wabodo nao waliunda chama chao cha fasihi mwaka 1952, wakapata shule za msingi kwa lugha yao tangu mwaka 1963, na mwaka 2003 Kibodo kikaingizwa katika orodha ya lugha zinazotambuliwa na katiba ya India. Chuo Kikuu cha Bodoland kilianzishwa Kokrajhar mwaka 2009. Njia waliyopita inafanana sana na ile ya Waassam wa karne ya 19: chama, jarida, kamusi, shule, chuo.

Ndani ya Kiassam chenyewe pana suala la lahaja. Lugha sanifu ilijengwa juu ya usemi wa mashariki, kwa sababu mtambo wa wamisionari ulikuwa Sibsagar. Lakini fasihi ya kale zaidi, pamoja na usemi wa Kamrup, ni vya magharibi. Na huko Nagaland kuna Kinagamese, lugha ya sokoni iliyotokana na Kiassam, inayowaunganisha watu wa makabila yasiyoelewana kwa lugha zao. Zamani usemi huo ulionekana kuwa Kiassam kibovu; wanaisimu sasa huuchunguza kama lugha yenye kanuni zake.

7. Hitimisho

Mwendo wa Kiassam una hatua zinazoonekana wazi. Kwanza palikuwapo ushahidi kwamba lugha ni lugha. Pili, vyombo vya kuiandikia, yaani gazeti, sarufi na kamusi. Tatu, mkusanyo wa matini za kufundishia. Nne, utafiti wa kina uliokubaliwa hata na wale waliokuwa washindani. Na mwisho idara, shahada na kazi. Chuo kikuu kilikuja mwishoni mwa mlolongo huo. Hakikuizaa fasihi, kiliikuta, kikaipanga na kuihakiki.

Kwa idara za Kiswahili nchini Kongo, ambako Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi, mfano huu waweza kusaidia katika jambo moja mahususi. Kiswahili sanifu kilichofundishwa darasani kimetoka pwani, na kina haki yake. Lakini Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu au cha Kisangani kimekuwa mara nyingi kikipimwa kwa makosa yake tu, kama vile Kiassam kilivyopimwa kwa Kibengali, na Kinagamese kwa Kiassam. Hata hivyo, mwaka 1965 André Yav aliandika katika mji wa Élisabethville, kwa Kiswahili cha mji huo, historia ya wafanyakazi wa nyumbani na ya mji wenyewe. Hiyo nayo ni tarikh, kwa kadiri ile ambayo buranji ni tarikh. Surya Kumar Bhuyan aliziendea buranji katika nyumba zilimokuwa zimehifadhiwa, akazihariri moja moja. Hemchandra Goswami alikusanya matini kabla ya kuwapo darasa la kutosha la kuzisoma. Madaftari ya vyama, barua, nyimbo za makanisa na masimulizi ya wazee wa migodini bado yapo majumbani, nayo karatasi haingoji. Mwanafunzi mmoja akihariri daftari moja vizuri, na kueleza sarufi yake bila kuitukana, atakuwa ameanza kazi ileile iliyoanzwa Assam mwaka 1855.